Alama Tatu za Mgeni

Kwa miaka kumi na tisa Burulkan aliwafundisha wasichana wa kijiji chetu kushona aproni. Aproni zenyewe nazijua vizuri, mke wangu anazo saba, na kila moja ilifumuliwa mara mbili au tatu kabla ya kuruhusiwa kutoka darasani. Ukimpelekea Burulkan pindo lililokwenda upande, hakutukani wala hapandishi sauti. Anakupa mkasi mdogo na kukwambia, "Fumua." Wapo wanawake wenye wajukuu hapa kijijini ambao wakikosea kukanda unga tu, husikia neno hilo masikioni.

Mimi nafundisha kemia katika shule isiyo na chupa hata moja nzima ya majaribio, kwa hiyo muda wa kuwatazama wenzangu ninao tele. Chumba changu kinatazamana na cha Burulkan. Jina langu Ryskul, ingawa wanafunzi huniita agay, kama wanavyomwita kila mwanamume anayeshika chaki, na Burulkan humwita eje, dada mkubwa. Tofauti ni kwamba wakimwita yeye huwa wana jambo la kumwuliza.

Miaka minne iliyopita tuliletewa kompyuta kumi na mbili, msaada kutoka kwa watu ambao hatukuwahi kuwaona. Zikawekwa kwenye chumba chenye kufuli, na kwa mwezi mzima kazi yetu ikawa kulisifia kufuli. Vijana waliojua mambo hayo walikuwa wameshakwenda mjini au Urusi. Mkuu wa shule, Sovetbek, akaangaza macho kikaoni kumtafuta mtu asiyejua kukataa, na yakatua kwa Burulkan. Ilitokea pia kwamba mke wa mtoto wa mkuu huyo alikuwa anatafuta vipindi vya kufundisha, na vya ushonaji vilimpendeza. Burulkan akapelekwa kozi ya wiki mbili na kurudi na cheti na daftari. Tulimcheka sana, mimi zaidi ya wote, hasa nilipomwona siku ya kwanza akikisukuma kipanya mezani kama pasi.

Kicheko kiliniisha siku nilipopita baada ya kengele ya mwisho na kukuta watoto kumi na wanane bado wamo ndani. Shuleni kwetu mtoto habaki baada ya kengele ila amefungiwa mlango. Hawa walikuwa wamezikodolea macho skrini, wakipachika vipande vya rangi, cha njano juu ya cha buluu, cha buluu ndani ya cha machungwa. Ndivyo wanaoanza wanavyotengeneza michezo, bila kuandika chochote kigumu. Kila kipande ni amri moja, unavishikanisha, kisha unabonyeza bendera ya kijani na mchezo unaanza. Burulkan alikuwa ameelewa jambo ambalo wenye kozi za miaka minne hawakumwambia, kwamba hiyo ni kazi ya kukata kitambaa na kuunga vipande. Alikuwa akitembea kati ya madawati na kusema neno lake lilelile. Nilisimama pale mlangoni nikaona wivu, sifichi.

Vuli iliyopita ikaja habari. Mjini walikuwa wamejenga shule mpya yenye chumba cha kompyuta kilichopakwa rangi nzuri, ila kompyuta hakina. Ofisi ya elimu ya wilaya ikamtuma Kasymaly Jumashevich azunguke vijijini aone ni shule gani zinazitumia mashine zao na ni zipi zimezigeuza meza za kuwekea maua. Angekaa kwetu kipindi kimoja. Akiridhika, mashine zinabaki, na asiporidhika linakuja lori. Mashine zikiondoka na Burulkan anaondoka, maana ushonaji ulishakuwa mali ya mkwe wa mkuu, ambaye muhula mzima alikuwa amefundisha mfuko mmoja tu wa aproni, na mfuko wenyewe ulikuwa hauingii mkono. Burulkan ana miaka hamsini na miwili. Jioni ile nilimwona akizifuta skrini zote kumi na mbili kwa kitambaa alichokipinda pande nne, na alipofika ya mwisho akarudi ya kwanza akaanza tena.

Mchezo uliochaguliwa kuonyeshwa ulikuwa wa Aizirek, msichana wa darasa la sita anayekaa nyuma ya mnara wa maji na bibi yake na ng'ombe wawili. Aprikoti zinaanguka kutoka mtini, nawe unasogeza kapu kwa vitufe vya mishale ili uzidake. Mwanzoni haukuwa na mwisho. Aprikoti zilianguka tu, saa nzima, kama kwenye shamba la mvivu.

"Nitajuaje kama nimecheza vizuri?" Burulkan alimwuliza.

"Utajisikia tu, eje."

"Kujisikia hata mkuu anajisikia. Nataka kuona."

Wiki ile darasa zima likajifunza kuhesabu alama. Aizirek akatengeneza kisanduku kidogo juu ya skrini, akakiita Alama, na kukiambia kianzie sifuri kila bendera inapobonyezwa. Ukidaka aprikoti moja, kinaongeza moja. Kisha akaweka masharti mawili. Alama zikiwa sawasawa na kumi, umeshinda. Sekunde thelathini zikiisha kabla ya hapo, umeshindwa. Maneno ya kutokea kwenye skrini aliambiwa atunge mwenyewe, naye akayatoa nyumbani kwao. Mshindi aliandikiwa: "Umeshinda. Leo hukamui." Aliyeshindwa aliandikiwa: "Umeshindwa. Nenda kakamue ng'ombe."

"Eje, bibi akiona hivi atakasirika?"

"Bibi yako atacheza?"

"Hawezi. Anakamua."

"Basi yaache."

Sasa nimweleze Sovetbek, maana bila yeye kisa hiki kingekuwa kifupi. Jina lake alipewa na baba yake kuifurahisha serikali ya Kisovieti ya wakati ule, kwa hiyo unaweza kusema mtu huyu alianza kujipendekeza kabla hajaota meno. Serikali ile ilishakufa ikazikwa, lakini tabia haikupewa taarifa. Akija mkaguzi wa vyoo, Sovetbek humvika joho. Mwaka juzi alimchinjia kondoo mtu aliyedhani ametumwa na wizara, kumbe alikuwa fundi wa mita aliyepotea njia. Jamaa akala, akafuta mikono, akauliza kijiji cha pili kiko wapi.

Siku nne kabla ya mgeni, Sovetbek akaita kikao ndani ya chumba cha kompyuta. Tulikuwamo yeye, Nurjamal ambaye ni naibu wake wa taaluma, Burulkan, na mimi, niliyeitwa kwa kuwa mlango wangu ulikuwa wazi. Sovetbek akaketi, akacheza ule mchezo, akadaka aprikoti sita. Skrini ikamwambia aende kukamua ng'ombe.

Akakiachia kipanya. "Mgeni akishindwa, ataambiwa hivi hivi?"

"Kila mtu anaambiwa hivyo, agay," Burulkan akasema.

"Kasymaly Jumashevich aambiwe akakamue?"

"Akishindwa."

"Mgeni hawezi kushindwa."

"Anaweza. Ni mchezo."

Sovetbek akaugeuza mwili wote, si shingo tu, kama afanyavyo anapotaka kufundisha. "Burulkan, mdogo wangu. Tukichinja kondoo, mgeni tunampa mfupa gani?"

"Wa nyonga."

"Na mimi?"

"Wa paja."

"Na mtoto?"

"Sikio."

"Vizuri. Sasa niambie kwa nini mezani tunajua nani ni nani, halafu kwenye mashine mgeni na mtoto wanapewa aprikoti sawasawa."

Kwa bahati mbaya maneno yale yalisikika ya busara. Sisi ni watu ambao tunaweza kuacha supu ipoe kwa kubishana mfupa upi ni wa shemeji mkubwa na upi wa shemeji mdogo, na mtu akituletea hesabu ya mifupa tunainamisha vichwa. Nurjamal akasema ni wazo kubwa. Akapendekeza mchezo uanze kwa kuuliza mchezaji ni nani: mgeni, mkuu au mwanafunzi. Kila aprikoti ya mgeni ihesabiwe tatu, ya mkuu mbili, ya mwanafunzi moja.

"Kapu ni lilelile na mti ni uleule," Burulkan akasema. "Mnataka nishone nguo yenye mkono mmoja mrefu."

"Unazitaka mashine au huzitaki?" Sovetbek akamwuliza.

Alizitaka. Sovetbek akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Mimi nilikuwa natazama dirishani wakati mkono wangu unapanda, na nikajiambia kwamba ni mchezo wa watoto tu, hakuna atakayekufa.

Burulkan akakaa mbele ya ile mashine na kupanga vipande kama alivyoambiwa. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, yeye akaifanya nusu saa. Alipomaliza hakurudi nyuma kukagua mshono, ingawa ndiyo kawaida yake. Nilimhurumia, na huruma yangu ilikuwa ya bure kabisa kwa kuwa sikufungua mdomo.

Muda uliobaki wote waliutumia kwenye ujumbe wa ushindi wa mgeni. Nurjamal aliuandika kwenye karatasi, ukafutwa, ukaandikwa tena, na mwisho ukawa na maneno thelathini na moja, likiwemo "tukufu" mara mbili. Ulipowekwa kwenye skrini uliufunika mti wote na nusu ya kapu. Wakafurahi. Ule wa kushindwa haukuguswa, maana nani aandike barua ambayo haitatumwa.

Kisha wakajaribu. Sovetbek akabonyeza "mkuu". Akadaka aprikoti tano tu, alama zikaenda mbili, nne, sita, nane, kumi, na skrini ikampongeza. Akainuka akiwa mrefu zaidi ya alivyoketi. Burulkan akanyoosha mkono ili ajaribu na "mgeni", lakini Nurjamal akaudaka ule mkono hewani.

"Wee Burulkan, una nini? Unaonja nyama ya mgeni kabla hajafika?"

"Ni kujaribu tu, Nurjamal."

"Hiyo ni yake. Wa kwanza kuigusa ni yeye."

Burulkan akarudisha mkono. Hata mimi niliona ni adabu.

Kasymaly Jumashevich akafika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye macho ya mtu aliyelala garini. Kwetu ilikuwa shule yake ya tano katika ziara ile. Akavishwa kofia ndefu nyeupe ya sufu, ambayo wakati wa kuondoka dereva wake angeiweka kwenye buti juu ya nyingine nne. Akavishwa joho, akamega andazi, akaonja maziwa ya farasi, akaimbiwa nyimbo tatu na watoto waliokuwa wamesimama kwenye baridi tangu saa mbili. Harufu ya kondoo ilikuwa inaingia kwa madirisha. Alipokaribishwa kwenye kompyuta alikuwa anapiga miayo kwa pua, mdomo umefungwa, kama watu wa ofisini wanavyojua.

Mchezo ulikuwa umetupwa ukutani kwa projekta ili wote tuone. Aizirek akamwonyesha mishale. Mgeni akabonyeza "mgeni", aprikoti zikaanza kuanguka.

Hakuwa mbaya. Akadaka ya kwanza, alama tatu. Ya pili, sita. Ya tatu, tisa. Walimu tukainua mikono tayari kupiga makofi. Ya nne ikaingia kapuni na kisanduku kikaandika kumi na mbili. Mikono yetu ikabaki hewani. Kumi na tano. Kumi na nane. Nurjamal akaanza kupiga makofi peke yake, akaacha. Ishirini na moja, ishirini na nne, ishirini na saba, na sekunde zikaisha. Pale ukutani, kwa herufi kubwa kama ndama, pakaandikwa: "Umeshindwa. Nenda kakamue ng'ombe."

Mgeni akausoma ule ujumbe, akasogea karibu, akausoma tena.

"Alama ishirini na saba," akasema. "Na kushinda ni ngapi?"

"Kumi," akasema Aizirek.

"Mashine ni mbovu," Sovetbek akadakia. Jasho lilikuwa limeshamfika kwenye kola. "Usamehe, Kasymaly Jumashevich. Ni mbovu hii."

"Hii moja?"

"Zote. Za zamani mno. Tunazilea tu."

Ilimradi mgeni asiwe ameshindwa, mtu yule angeapa hata kwamba ziwa limeharibika. Sura ya mgeni ikapata nuru kwa mara ya kwanza tangu afike, nuru ya mtu aliyepunguziwa ripoti ya kuandika. "Basi kazi imekuwa rahisi," akasema, na kufungua daftari lake. "Alhamisi lori litakuja kuzichukua. Mjini wana fundi."

Hapo ndipo Sovetbek alipoelewa amesema nini. Nurjamal alikuwa anatazama dari. Nikamtazama Burulkan. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, mikono ameishika pamoja tumboni, na vidole vyake vilikuwa vinatafuta kitu cha kufumua.

"Hazina ubovu," akasema.

"Burulkan, keti," Sovetbek akasema kwa sauti ya chini.

"Nimesimama tangu asubuhi, agay, nimezoea. Kasymaly Jumashevich, mashine imefanya kama tulivyoiambia. Mtoto akidaka aprikoti anapewa alama moja. Wewe tulikupa tatu."

"Kwa nini tatu?"

"Kwa heshima."

Kalamu ya mgeni ikasimama. Burulkan akaenda hadi ukutani na kuonyesha kwa kidole kile kisanduku. "Huyu mtoto ameiambia mashine itangaze ushindi alama zikiwa kumi, kumi hasa, si zaidi. Ukihesabu kwa moja unafika kumi. Ukihesabu kwa tatu, unatoka tisa unakwenda kumi na mbili. Unairuka. Ungecheza mpaka theluji ianguke, usingeshinda."

"Kwa hiyo mmenipendelea nikashindwa."

"Ndiyo."

"Nani aliamua nihesabiwe kwa tatu?"

Viatu vyangu vina nyufa mbili upande wa kulia, moja imepinda kama mto. Niliichunguza kwa makini sana. Nurjamal aliichunguza dari yake. Sovetbek alikuwa anatabasamu kuelekea mahali pasipo na mtu. Tulikuwa watu watatu tulioamua.

"Vipande nilivipanga mimi," Burulkan akasema.

Mgeni akamtazama kwa muda, kisha akatutazama sisi mmoja mmoja, na naamini alituhesabu. "Na mkuu wenu, yeye anahesabiwa ngapi?"

"Mbili," akasema Aizirek, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Watoto wa nyuma wakaziba midomo. Mgeni akatoa mguno ambao ungeweza kuwa kicheko. "Eje," akamwambia Burulkan, na ilikuwa mara ya kwanza anamwita mtu hivyo tangu asubuhi, "nikitaka kuhesabiwa kama hawa watoto, nafanyaje?"

"Bonyeza 'mwanafunzi'. Lakini ngoja kwanza. Aizirek, palipo na sawasawa na kumi, ungeweka nini?"

Msichana akafikiri. "Kumi au zaidi."

"Fumua, uweke hivyo. Na yale ya mgeni na mkuu yatoe yote."

"Kasymaly Jumashevich, nyama imeshaiva," Sovetbek akasema.

"Nyama imeshachinjwa, agay, haitakimbia," mgeni akamjibu.

Akacheza. Akapata saba, ukuta ukamtuma kukamua. Akaivua ile kofia ya sufu. Akapata tisa, ukuta ukamtuma tena. Safari hii akavua joho na kumtupia Nurjamal bila kumtazama. Watoto walikuwa wameanza kunong'ona, na minong'ono ikawa mafunzo.

"Agay, usiikimbilie. Kaa chini yake."

"Unabonyeza kwa nguvu mno, agay, kapu linapita."

"Iache hiyo ya pembeni, haifikiki."

"Inafikika," mgeni akasema kwa meno. Haikufikika. Nane. Nenda kakamue ng'ombe.

Mpishi alikuja mlangoni mara mbili na Sovetbek akamfukuza kwa macho. Mara ya nne mgeni akajiweka kwenye ncha ya kiti, ulimi nje kidogo, na watoto wote kumi na wanane wakawa wamemzunguka kiasi kwamba sisi walimu tuliuona ukuta tu. Nane. Tisa. Aprikoti moja ikaanguka upande wa kushoto kabisa na kapu likaenda, likafika. Ukutani pakatokea: "Umeshinda. Leo hukamui."

Watoto wakapiga kelele. Nimeshasikia makofi mengi ya wageni katika shule ile, ya kuhesabiwa moja mbili tatu, na hizi kelele hazikufanana nayo hata kidogo. Mgeni alikuwa mwekundu, nywele zimelowa, amepungua kama miaka thelathini. Akachukua daftari lake, akakata mstari mmoja mrefu.

"Mashine zinabaki hapa," akasema. "Asante, eje."

Burulkan akaitikia kwa kichwa na kuketi. Nimejiuliza mara nyingi kama ni ukweli wake uliozibakiza zile mashine au ile aprikoti ya kushoto. Mtu yule angeshindwa mara ya nne, ya tano na ya sita, sijui daftari lingesemaje. Nawajua watu wa wilaya.

Mezani Sovetbek alisimama na bakuli mkononi akasema kwamba yote tuliyoyaona yalikuwa yamepangwa. Alitaka, akasema, mheshimiwa aonje mwenyewe namna shule yetu inavyofundisha mtu kupitia kushindwa, na ndiyo maana alijitoa mhanga kwa kuzisingizia mashine ubovu. Aliyasema kwa utulivu hata nikaanza kuamini. Nurjamal alifuta chozi. Mgeni alikuwa anaula ule mfupa wa nyonga kwa mikono miwili na hakubisha. Baada ya wiki mbili ikaja barua ya pongezi kutoka wilayani, imeandikwa jina la mkuu wa shule, "kwa ubunifu katika ufundishaji". Imetundikwa ukumbini kwa fremu. Jina la Burulkan halimo, na la Aizirek halimo, ila ng'ombe ametajwa.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeingia kwa Burulkan kuazima chaki, kipindi kikiendelea, Sovetbek akasukuma mlango. Anakuja mgeni mwingine, mkubwa zaidi, wa mkoa. Alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu.

"Nimefikiri sana, Burulkan," akasema. "Yule wa wilaya alifurahi kwa nini? Kwa sababu alishindwa kwanza. Sasa nataka mchezo umhesabie mgeni michezo. Wa kwanza ashindwe. Wa pili ashindwe. Wa tatu ashindwe kwa kidogo. Wa nne ashinde, hata kama amelala. Nipangie vipande hivyo kufikia Ijumaa."

Mimi sijui kompyuta, lakini kuhesabu mpaka nne kwa kisanduku walikuwa wamejifunza watoto wale wiki mbili kabla. Niliwaona wakitazamana. Aizirek alikuwa ameshakishika kipanya na kufungua mdomo, akakutana na macho ya mwalimu wake, akaufunga.

"Haiwezekani, agay," Burulkan akasema. "Kipande cha namna hiyo hakipo."

"Hakipo kabisa?"

"Kabisa. Wangekuwa wamekitengeneza, ningekupangia leo."

Sovetbek akazitazama skrini zote kumi na mbili kwa masikitiko, kama mtu aliyefika sokoni akakuta ngano imekwisha. Akasema basi watafikiria nyimbo, akatoka, na kama kawaida yake akauacha mlango wazi. Tulisikiliza viatu vyake mpaka mwisho wa ukumbi.

"Eje," Aizirek akasema taratibu, "kipo."

"Najua," Burulkan akasema. "Funga mlango."